Udi wa Kasongo: mti wa mbali, moshi wa nyumbani

Mti wa udi hauoti Maniema, mashariki ya Kongo. Hauoti Kasongo wala Kabambare, na hauoti hata Unguja, ambako wengi hudhani ndiko asili yake. Kwao ni misitu ya joto na mvua inayoanzia Assam, kaskazini-mashariki ya India, ikapitia Myanmar, Thailand, Kambodia na Vietnam mpaka Sumatra, Borneo na Papua. Hata hivyo, mtajie mama wa Kiislamu wa Kasongo neno udi, uone kama atakuuliza ni kitu gani. Anajua ni cha nguo za harusi, cha usiku wa maulidi, cha sanda. Jina hilo limekaa katikati ya bara, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bagamoyo ukipima kwa mstari ulionyooka, na limekaa hata baada ya njia iliyolileta kukatwa kwa vita.

Kitu kilichotoka mbali hivyo kiliwezaje kuwa mila ya nyumbani? Na kinachofukizwa leo kwa jina hilo, ni udi kweli? Maoni yangu nayatanguliza ili msomaji ayapime njiani: Maniema haikurithi mti, ilirithi tendo. Kilichoshika mizizi ni kufukiza, yaani kaa la moto, chetezo, nguo iliyotandazwa juu ya moshi, na mkono unaojua lini ufanye hivyo na lini uache. Kinachowekwa juu ya kaa kimebadilika mara nyingi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, al-ud, na maana yake ni kijiti au ubao tu. Ndiyo maana ala ya nyuzi inayopigwa katika taarab nayo inaitwa udi: zote mbili ni mbao, moja ya sauti, nyingine ya harufu. Watu wa pwani wakaliunganisha na uvumba wakapata msemo wa “kwa udi na uvumba”, kulitafuta jambo kwa kila njia bila kubakiza gharama. Naona msemo huo hauwezi kuwa umetungwa mahali ambapo udi ulikuwa rahisi. Ndani yake yumo mtu anayetia motoni vitu vya thamani alivyo navyo, mmoja baada ya mwingine, ili haja yake ikubaliwe.

Wakristo nao wanalo neno hili. Katika Injili ya Yohana, Nikodemo anakuja maziko ya Yesu na mchanganyiko wa manemane na udi wenye uzito wa ratili kama mia. Wataalamu wa lugha za kale hubishana kama udi huo ulikuwa ubao wa Assam au maji machungu ya mshubiri, lakini msomaji wa Biblia ya Kiswahili ameletewa neno lile lile ambalo jirani yake Mwislamu analitumia nyumbani. Kasongo ni mji wenye jimbo Katoliki tangu 1959 na wenye Waislamu tangu kabla ya misheni ya kwanza. Huko, neno moja linaloingia katika maziko ya dini zote mbili ni kiungo cha kutunzwa.

Sasa udi ni nini hasa? Udi ni kidonda cha mti. Miti ya jamii ya Aquilaria ikiwa mizima ina ubao mweupe, mwepesi, usio na harufu ya kusifiwa. Lakini tawi likivunjika, au mdudu akitoboa shina, kuvu huingia katika jeraha, na mti hujitetea kwa kutoa utomvu mzito unaolowesha ubao mpaka unakuwa wa kahawia na hatimaye mweusi. Kazi hiyo huchukua miaka, pengine makumi ya miaka. Ubao uliojaa utomvu barabara huzama ukitiwa majini, na Wachina waliupa jina la manukato yanayozama. Msituni si kila mti una kidonda. Inatajwa mara nyingi kuwa mmoja tu katika kumi ndio wenye kitu ndani. Kwa nje ni vigumu kuutambua, kwa hiyo wavunaji wamekuwa wakiangusha miti mingi mizima kuutafuta huo mmoja.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1995 Aquilaria malaccensis iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu 2005 jamii nzima ya Aquilaria pamoja na dada yake Gyrinops zimo humo. Leo sehemu kubwa ya udi hutoka mashambani, ambako miti hutobolewa kwa makusudi na kutiwa kuvu ili iugue kwa wakati. Udi wa msituni wa daraja la juu huuzwa kwa maelfu mengi ya dola kwa kilo. Haya nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu yanajibu swali ambalo watu wa bara hujiuliza kimya kimya: kwa nini udi wa kweli hautufikii? Hautufikii kwa sababu haujawahi kuwa mwingi, na waliokuwa wakiuleta Kasongo waliulipia kwa pembe za ndovu.

Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda nchi ya Wabuyu na Wabangubangu mpaka Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe ukingoni mwa Lualaba. Msafiri Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, sehemu kubwa ya mwaka 1870 akiwa na vidonda vya miguu, akiishi jirani na wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo Kabambare si kijiji kilichopata habari za pwani kutoka Kasongo. Kwa njia ya misafara, Kabambare ndiyo iliyotangulia. Kituo kilikuwa mahali pa kupumzisha wapagazi, kununua chakula, kusubiri habari za vita vya mbele. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliufanya Kasongo makao yake makuu katika miaka ya 1870, na kutoka hapo biashara yake ikaenea pande zote.

Mizigo ya misafara inafahamika: merikani, kaniki, shanga, masango, baruti. Udi haukuwa bidhaa ya kubadilishana na machifu. Ulikuwa kitu cha sandukuni, cha mwenye nyumba mwenyewe, pamoja na msahafu na kanzu ya Ijumaa. Vipimo vyenyewe vinatoa picha ya biashara ile. Pembe zilipimwa kwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16, na mpagazi aliweza kubeba frasila mbili. Udi mzuri na mafuta yake hupimwa kwa tola, gramu 11.66. Frasila moja ina zaidi ya tola 1,300. Kilichotoka Maniema kilivunja mabega ya watu kwa miezi. Kilichorudi kikiwa na harufu kiliweza kufichwa ndani ya ngumi.

Na si pembe peke yake zilizolipa. Misafara ile ilibeba watumwa, na Maniema ilivamiwa, vijiji vikachomwa, watu wakatekwa. Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wa msafara wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni Nyangwe. Mtu anayeandika juu ya manukato ya Kasongo akaruka jambo hilo atakuwa ameandika uongo mtamu. Moshi ule mzuri ulifukizwa katika nyumba zilizojengwa kwa mali ya aina hiyo.

Hapo ndipo panapotokea jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari nzima. Waliofukiza udi Kasongo hawakuwa Waarabu peke yao, wala hawakuwa wengi wao Waarabu. Walikuwa Waungwana: watu wa bara wenyewe, Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengine, ambao baadhi walitekwa wakiwa watoto, baadhi walijiunga na misafara kwa hiari, wakasilimu, wakavaa kanzu, wakazungumza Kiswahili ambacho mpaka leo kinaitwa Kingwana. Uungwana kwa maana ya pwani ni kinyume cha utumwa. Kwa mtu aliyepokonywa ukoo, au aliyeona jirani zake wakipokonywa, kunukia hakukuwa anasa. Kulikuwa tamko: mimi si mali ya mtu. Msafiri Stanley alipokutana na Tippu Tip mwezi Oktoba 1876 aliandika jinsi nguo zake zilivyokuwa nyeupe bila doa katikati ya nchi ya misitu na matope. Usafi ule ulikuwa lugha ya utawala, na watu wa Kasongo waliisoma upesi. Wakajifunza kuitamka wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba kuendelea kufukiza ni kuendelea kumwiga aliyekutesa. Nimeifikiria hoja hiyo, siikubali. Mtumwa hakuruhusiwa kunukia kama bwana wake. Aliyeitwaa ile harufu akaitia katika nguo ya mwanawe wa kwanza aliyezaliwa huru alikuwa amechukua kitu kilichokuwa kinamhusu zaidi kuliko kilivyomhusu bwana.

Udi wenyewe katika nyumba za Unguja wa siku hizo unafahamika kwa maandishi mawili yenye macho tofauti. Binti Seyyid Said, Salme, ambaye alihamia Ujerumani akaitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu alizochapisha 1886 anaeleza jinsi wanawake wa jumba la kifalme walivyozifukiza nguo na matandiko yao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903, anasimulia mambo ya watu wa kawaida: harusi, maziko, mizimu, uganga. Ukiyasoma pamoja unaona kwamba udi haukuwa wa ikulu tu. Ulipangwa kwa ngazi, tajiri akichoma vipande vyeusi, maskini akichoma unga uliochanganywa au ubani. Ngazi hiyo hiyo ilipanda bara.

Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo lililopigana na wafanyabiashara wa pwani, aliona Kasongo ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893. Katika kitabu chake cha 1897 anaeleza mshangao wa askari walioingia nyumba zenye milango na vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na vyandarua, na nje bustani za michungwa, mikomamanga na mipera, na mashamba ya mpunga na miwa. Jeshi hilo, chini ya kamanda wake Dhanis, lilikuwa limekwisha kuitwaa Nyangwe mwezi Machi. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akafa vitani mwezi Oktoba mwaka huo huo. Januari 1894 ngome za Rumaliza, mfanyabiashara Mwarabu, karibu na Kabambare zikaanguka, na barabara ya kwenda Ujiji ikawa chini ya bendera nyingine. Tippu Tip alikuwa tayari ameondoka kwenda pwani. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Mji wa zamani ukahamwa. Mahali pake panaitwa Tongoni, na jina hilo kwa Kiswahili cha pwani ni mahame, makazi yaliyoachwa. Karibu na Tanga pako pengine paitwapo vivyo hivyo, penye magofu ya msikiti na makaburi. Miaka ya karibuni wanaakiolojia, akiwamo Noemie Arazi, wamechunguza Tongoni ya Kasongo wakifuata pamoja udongo na kumbukumbu za wenyeji. Vigae na misingi ya nyumba hubaki ardhini. Moshi haubaki, na ndiyo sababu historia ya udi haina budi kutafutwa katika matendo ya watu walio hai.

Baada ya vita, utawala wa Wabelgiji uliwaweka watu hawa katika fungu la “arabisés”, ukawatazama kwa shaka, ukaipa misheni ya Katoliki elimu na heshima. Uhusiano na pwani haukufa, ulibadili wabebaji. Watu wa Maniema walikuwa wametapakaa: Ujiji, Tabora, Unguja, Buyenzi mjini Bujumbura, hata Dar es Salaam, ambako Msikiti wa Manyema upo Kariakoo hadi leo. Kupitia kwao tarika ya Kadiria iliingia Kasongo, na maofisa wa kikoloni wakaifuatilia kwa hofu kubwa kuliko ilivyostahili. Ninaitaja kwa sababu tarika ni mahali pa moshi. Katika zikiri na maulidi, chetezo huzungushwa kati ya watu, kila mmoja akiuvuta moshi kwa kiganja kuelekea usoni na kifuani, kisha mrashi wa mawaridi hufuata. Tajiri na fukara wanapata moshi ule ule. Nyumbani udi ulionyesha tofauti za watu. Katika maulidi uliziondoa. Nadhani hilo, zaidi ya biashara, ndilo lililouokoa.

Tuingie sasa ndani ya nyumba, maana huko ndiko udi unakofanya kazi. Nguo za harusi hutandazwa juu ya tenga au kitu kilichosukwa kwa nafasi, chini yake pakawekwa chetezo chenye makaa yasiyo na ulimi wa moto. Hapa pana ufundi ambao anayechoma vijiti vya dukani haujui. Udi hauungui, unapashwa. Kaa likiwa kali mno utomvu unateketea na harufu ya moshi wa kuni ndiyo inayobaki. Mama anayejua huacha kaa lifunikwe na jivu jeupe kwanza, ndipo aweke kipande kidogo, na nguo iwe na unyevu kidogo ili ishike. Kanzu iliyofukizwa hivyo hunukia siku kadhaa. Bibi harusi hufukizwa nywele baada ya kuoshwa, na kitanda nacho hufukizwa kabla ya maharusi kuingia. Mzazi na mtoto wake hufukizwa katika siku arobaini.

Dini imelipa tendo hili nguvu yake. Katika mapokeo ya Kiislamu inapokewa kwamba Ibn Umar alijifukiza kwa udi, mara peke yake mara pamoja na kafuri, akisema ndivyo Mtume alivyofanya. Na mmoja wa wapokezi wa hadithi, Nu'aym, aliitwa al-Mujmir, mfukizaji, kwa kazi ya kuufukiza msikiti wa Madina. Ipo pia hadithi inayotaja udi wa India kuwa na tiba saba. Wanachuoni wengi hufafanua kwamba huo ni kusti, mzizi wa mmea mwingine kabisa, wala si udi wa chetezo. Tofauti hiyo ni ya lazima kuijua, kwa kuwa wauzaji wa dawa huitumia hadithi hiyo kuuza chochote kinachonukia.

Hapo tunaingia mahali penye ugomvi. Udi na ubani hutumika pia katika kutibu waliopandwa na pepo, kumfanya jini aseme jina lake, kusafisha nyumba iliyopatwa na misiba mfululizo. Desturi hiyo ilifuata njia ile ile kutoka pwani, ikakutana Maniema na mizimu iliyokuwa na wenyewe. Walimu wa mtazamo mpya, wengi waliosoma nje, wanaipinga: kunukia ni sunna, lakini kumchomea jini ni ushirikina. Mashehe wa zamani hujibu kwamba malaika hupenda harufu nzuri na viovu huikimbia, na kwamba hakuna aliyeabudu moshi. Mimi naona walimu wapya wana hoja katika fikra na wana haraka katika matendo. Mama aliyemfukizia mwanawe mgonjwa chumba kizima hana jini akilini, ana mtoto. Ningemwonya jambo moja tu, na si la dini: chumba kilichofungwa, kaa la moto na kichanga ni mambo matatu yasiyopatana. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na moshi wowote, hata mtakatifu, huumiza mapafu madogo.

Na kinachochomwa ni nini? Mara nyingi ni ubani, utomvu wa miti ya Boswellia ya Somalia na Dhofar, ambao ni rahisi na hauharibiki njiani. Kiswahili cha Tanzania kimeufanya ubani kuwa jina la fedha zinazotolewa kwa wafiwa. Mtu husema anapeleka ubani hata kama mkononi ana noti tu. Ndiyo hadithi ya Kasongo kwa ufupi: kitu kimeondoka, tendo limekaa na jina lake. Mara nyingine ni vijiti vya India, unga wa mbao uliopakwa manukato ya kiwandani. Mara nyingine ni vipande vilivyopikwa kwa sukari, mawaridi na mafuta, ufundi wa wanawake wa Unguja ambao una heshima yake kamili. Na siku hizi ni chupa ndogo zenye picha ya ngamia au jumba la dhahabu, zikidai ndani yake mna mafuta ya udi, ilhali bei yake haitoshi kununua hata tone moja la mafuta ya kweli.

Sioni ubaya wa mbadala. Watu wa Kasongo wamekuwa wakibadilisha tangu 1894, na yeyote anayedai kwamba mila imekufa kwa sababu ubao wa Assam haupo hajaelewa ni nini kilichorithiwa. Ubaya ni kuuziwa mbadala kwa jina na bei ya asili. Udi wa kupika uitwe udi wa kupika. Kijiti kiitwe kijiti. Mtu mwenye kipande cha dukani anaweza kukijaribu mwenyewe: udi wenye utomvu ukiguswa na kaa hutoka mafuta yanayochemka kando ya ubao, na harufu hubadilika kadiri inavyopashwa, kwanza chungu, kisha tamu. Ubao uliopakwa manukato hutoa utamu wote mwanzoni, halafu unabaki moshi wa jikoni.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni jingine. Misitu ya mashariki ya Kongo ina mti wake wenyewe wa kufukiza, mpafu, Canarium schweinfurthii, mrefu kuliko nyumba yoyote ya Kasongo, ambao matunda yake hulainishwa kwa maji ya moto yakaliwa na ambao shina lake likijeruhiwa hutoa utomvu mweupe wenye harufu ya limau na tapentaini. Wenyeji wa misitu waliutumia kwa mienge na kuziba nyufa, na huko Uganda makanisa yaliuchoma badala ya ubani wa Arabuni. Nao, kama udi, unatoka katika kidonda, ila mpafu hauhitaji kuangushwa; huchanjwa, ukapona. Katika mafundisho ya Kiislamu hakuna kinachokataza harufu ya mpafu, na Wakatoliki wa Uganda wameonyesha kwamba inafaa katika chetezo. Uungwana ulifundisha kwamba heshima hutoka ng'ambo, na somo hilo limekawia kusahaulika. Ningependa kuona nguo ya harusi ya Kabambare ikifukizwa kwa utomvu wa msitu wa Kabambare, bila mtu kuona haya.

Badala yake biashara inazunguka ilivyozunguka zamani. Wilaya ya Kabambare ina dhahabu, Namoya na Salamabila, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi kwamba dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki ya Kongo huishia Dubai. Dubai ndiyo soko mojawapo kubwa la udi duniani, na kutoka huko zinarudi zile chupa zenye picha ya ngamia, zikipita Uvira au Bukavu na kumalizia safari juu ya pikipiki. Kinachotoka ni kizito. Kinachorudi, kwa mara nyingine, kinaingia katika ngumi.

Familia yenye kipande kimoja cha udi wa kweli haikichomi katika harusi. Huko vijiti vinatosha, kuna muziki na chakula, watu wana mengine ya kufurahia. Kipande hufungwa katika kitambaa kikasubiri sanda. Sanda hufukizwa kwa hesabu ya witiri, mara tatu, kafuri ikawekwa juu ya viungo vya kusujudia, na harufu ile huondoka nyumbani pamoja na maiti. Mjane anabaki ndani. Kwa miezi minne na siku kumi hatajitia manukato, hatafukiza nguo, na chetezo kitakaa kona kikiwa na jivu la siku ile. Eda ikiisha, wanawake wa jamaa huja asubuhi kumwogesha na kumvika nguo nyingine, na mmoja wao huwa amekwisha kuwasha makaa.